Makoti Yaliyokaukia Mgongoni mwa Sekela

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Mvua za msimu uliotangulia zilikuwa zimetudanganya, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti, na serikali ikaleta unga kutoka nje, tukauita unga wa yanga kwa sababu ya rangi yake. Ulinuka gunia lililolowa. Ukiusonga unang'ang'ania mwiko, ukiumeza unashuka kooni polepole kama mzee anayeteremka ngazi. Wapo waliosema ni chakula cha farasi. Tulikula hivyohivyo, asubuhi uji wake, mchana ugali wake, na jioni ule uliobaki tuliuchoma juu ya mkaa ili angalau ubadilike jina. Mpaka leo, mtu wa rika langu wa Iringa ukimuuliza alioa lini, hatakutajia tarakimu. Atakwambia, "Mwaka wa yanga," na mtakuwa mmeelewana.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu ya simu. Mwezi wa sita nilipigiwa na mwanamume nisiyemjua, kutoka Nyololo. "Shikamoo mama mkubwa. Mimi ni mtoto wa Sekela. Mama anauliza kama bado uko hai." Nikamwambia, "Mwambie niko hai, na meno yangu mengi bado ninayo." Akacheka. Nyuma ya kicheko chake nikasikia mtu anavuta pumzi. Tulikuwa hatujaonana na Sekela tangu tukiwa wasichana, na sasa mimi nina vitukuu, lakini ile pumzi niliijua kabla hajaimaliza. Inapanda kama gunia linalokokotwa kwenye sakafu ya saruji, inakwama katikati, halafu inaendelea. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka chai yangu ikafanya utando.

Sekela ni mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwetu ni mdogo wangu kabisa, mambo ya binamu ni ya vitabuni. Tulitoka pamoja Iyunga, Mbeya, kwenda Iringa kufanya kazi kwa dobi mmoja aliyeitwa Baba Vumilia, Mbena mrefu asiyecheka, mwenye mke, Mama Vumilia, aliyecheka kwa niaba yake. Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, chini ya sokoni. Chumba cha mbele kilikuwa cha pasi, meza ndefu iliyovikwa blanketi, pasi mbili za mkaa, na ukutani misumari yenye nguo za watu. Chumba cha katikati kilikuwa cha kukaushia, hakina dirisha, kina kamba na harufu ya sabuni. Sisi wawili tulilala cha nyuma, kitanda kimoja, na ukuta uliotutenga na wenye nyumba ulikuwa wa mbao za maboksi. Kila walichosema tulikisikia. Baba Vumilia akijigeuza kitandani, tulijua amejigeuzia upande gani.

Baba Vumilia alifua kila kitu, lakini jina lake lilikuwa kwenye makoti. Iringa ni baridi, na zamani zile mtu mwenye koti zuri alikuwa na koti moja tu, la kazini, la kanisani na la msibani ni hilohilo, likiharibika ameharibika yeye. Watu walimletea majaketi ya pamba ndani, makoti ya suti, makoti mazito ya kafa ulaya yaliyoshuka kwenye marobota yakiwa bado na vifungo vya majeshi ya kwao. Na mtu akikwambia kufua koti ni kufua tu, huyo hajawahi kuliua koti la mtu. Koti la sufu halisuguliwi. Sabuni unaikwangua, unaiyeyusha kwanza, maji yawe ya uvuguvugu kama ya kuogeshea kichanga, halafu unalibonyeza kwa viganja kama unavyokanda tumbo la mgonjwa. Ukilisokota kulikamua, umelivunja mbavu. Unalilaza juu ya blanketi kavu, unalikunja pamoja nalo kama mkeka, unapanda juu na miguu mitupu, blanketi linakunywa maji. Jaketi la pamba ndani unalipigapiga kila mara linapokauka, la sivyo pamba inakimbilia chini na mwenye jaketi anatembea kama ana mimba ya nyuma. Hayo nimewafundisha wajukuu zangu wote, wa kiume kwa wa kike, na yule mmoja aliyelitia jaketi lake kwenye mashine nilimwambia wazi, umelitoa roho, lizike.

Lakini kufua ni nusu tu. Koti linafia kwenye kukauka. Ukilitundika kwenye kamba linavutika, mikono inakuwa ya nyani. Ukilitia kwenye henga ya waya linaota pembe mabegani. Jua kali linalipausha, na jiko la mkaa linakunja bitana na kuacha harufu ya moshi mpaka kwenye mifuko. Na Iringa, wakati wa masika, jua lenyewe linakuja kuchungulia tu. Baba Vumilia alikuwa na njia yake, na sijaiona kwa dobi mwingine. Alisema, "Koti lilishonewa mtu. Likikaukia kwa mtu, linarudi kama lilivyozaliwa." Basi koti likishatoka kwenye blanketi lilikaa chumba cha kati mpaka maji yaishe na ubaki unyevu tu. Hapo lilivalishwa mtu mwenye mabega, akatembea nalo. Joto la mwili lililikausha kutoka ndani, mabega yakakaa, kola ikalala. Mteja akilivaa anajitazama kwenye kioo anasema ni jipya.

Mimi mabega yangu yameteremka kama ya chupa. Sekela alikuwa na mabega kama fremu ya mlango. Kwa hiyo mgongo ulikuwa wake, na mimi kazi yangu ilikuwa shavu. Mkono wa dobi umekufa kwa sabuni, haujui tena baridi na maji, lakini shavu linajua. Nililaza shavu kwenye bitana, pale chini ya kola, nikafumba macho, nikasema "bado" au nikasema "tayari." Sikuwahi kukosea. Nilikuwa msichana aliyeishia darasa la nne tu, lakini wanaume wazima walisimama mlangoni wakingoja shavu langu liseme. Nilijiona mtu. Siwezi kuficha, nilijiona mtu sana.

Mwanzoni ilikuwa mchezo. Sekela alipandisha mlima mpaka sokoni akiwa na koti la ofisa fulani juu ya kitenge, mikono nyuma, tumbo mbele, anakohoa kikubwa, kile kikohozi cha wakubwa cha kutafuta heshima. Watu walimpisha. "Shikamoo bwana mkubwa!" Naye anajibu kwa sauti nene, "Marahaba, leta faili!" Kulikuwa na mama mmoja wa Kihehe aliyeuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulimi wake mkali kuliko ulanzi wenyewe. Akimwona tu anapaza sauti, "Kamwene, bwana afisa! Leo umevaa koti la nani?" Sekela akamjibu, "La mume wako. Amenituma nikutaliki." Soko zima likaangua kicheko, na yule mama akampa kikombe bure, akamwambia, "Kunywa, mtoto wa ndizi, nyie wa Mbeya hamna adabu." Akirudi nyumbani koti limekauka, na yeye anaimba. Alikuwa na sauti. Kwaya ya kanisani walimweka mwisho wa mstari ili asiwazamishe wenzake, na bado akawazamisha.

Kikohozi chenyewe, kile kisicho cha wakubwa, kilianza masika yalipokolea. Mvua haikukatika, makoti yakarundikana, na Sekela akawa anavua moja anavaa jingine. Jumapili moja hakwenda kwaya. Alisema kifua kinambana. Mama Vumilia akampikia uji na tangawizi, akamsugua mgongo na mafuta ya taa, tukaona yatapita. Kikohozi kina msimu wake, tulisema.

Wiki hiyohiyo alikuja dereva wa lori la masafa marefu, mmoja wa wale waliotoka Dar es Salaam kwenda mpaka wa Zambia na kurudi. Alikuwa na koti refu la kafa ulaya, zito kama mtu mwingine, limelowa mafuta ya gari kutoka kwenye kifua mpaka kwenye mkia. Akalitupa mezani. "Jumamosi alfajiri naondoka," alisema. "Koti hili ndilo mke wangu wa barabarani, siwezi kulala kwenye kabini bila yeye." Halafu akainama kidogo kama anayetoa siri. Alikuwa na unga mweupe, wa mahindi ya Mbozi. "Mkinipa koti kavu Ijumaa jioni, nawaachia debe. Mkinipa bichi, naondoka nalo na unga wangu." Mama Vumilia aliposikia unga mweupe alikaa chini. Sisi wengine tulisimama tu, lakini mate yalitujaa.

Tulilifua vizuri. Mafuta yale tuliyatoa kwa majivu na subira. Lakini koti la sufu nene vile linataka siku za jua, na sisi tulikuwa na mvua. Tulilikunja kwenye blanketi, tukalikanyaga, tukabadili blanketi, tukalikanyaga tena. Ijumaa mchana nililaza shavu langu chini ya kola.

Shavu liliniambia bado. Nataka hilo lieleweke, maana wapo waliokwisha kunisemea kwamba nilikuwa msichana mdogo, sikujua. Nilijua. Bitana ilikuwa baridi kama tumbo la chura. Nilifumba macho kama kawaida yangu, na nyuma ya macho sikuona koti, niliona ugali mweupe, unaofuka, umekaa katikati ya sinia kama mlima wa kwetu. Nikafumbua macho nikasema, "Tayari."

Sekela alilivaa. Lilimfika kwenye visigino. Akasimama kidogo, akaniangalia, akasema, "Dada, linanilia mgongoni."

Nikamwambia, "Tembea, litanyamaza."

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakwenda sokoni. Alitembea barazani, chini ya bati, akienda na kurudi, mchana ule mzima. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi mashati. Kila akipita mlangoni nilimwona, kola imesimama mpaka masikioni, midomo imekuwa ya kijivu. Hakutania na mtu. Mpita njia mmoja alimwita bwana mkubwa, naye hakuitika. Nikaenda nyuma kuongeza mkaa, na huko, kupitia zile mbao za maboksi, nikawasikia wenye nyumba. Mama Vumilia alikuwa anasema, "Baba Vumilia, yule mtoto anakohoa kama mbuzi. Mvueni lile koti." Baba Vumilia akajibu, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo, ilikuwa ya mtu anayesema jambo lililo wazi: "Mwenye shavu amesema ni kavu. Akisema kavu, ni kavu. Yule hatamwonea ndugu yake." Mimi nilikuwa nimesimama na koleo mkononi, kaa limeshikwa, linawaka. Neno moja tu lilitakiwa. Mlango ulikuwa pale. Nililitia lile kaa kwenye pasi nikarudi kwenye mashati.

Dereva alikuja jioni. Sekela alivua koti, akalishika kwa mabega akampa, na dereva akalivaa palepale. Lilikuwa kavu. Mabega yamekaa, kola imelala, mafuta hayaonekani. Akajigeuza mbele ya kioo, akaingiza mikono mifukoni, akacheka kama mtoto. "Jamani, lina joto! Kama limetoka kwa mama yake! Mnalipasha na nini?" Baba Vumilia alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Huyu ndiye dobi." Na mimi nikatabasamu. Uso wangu ulitabasamu kabla sijauuliza.

Mama Vumilia alisonga ugali mweupe kwa majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Sijala tena ugali kama ule, na nimekula harusini kwa wakubwa. Vumilia mwenyewe, mtoto wao, alilia kwa sababu hakujua ni kitu gani, alizoea wa njano. Tulicheka mpaka machozi. Sekela alikuwa amelala chumba cha nyuma, nikampelekea sahani yake. Alikuwa amejikunyata chini ya shuka na blanketi na vitenge vyote viwili, meno yanagongana. Aliutazama ugali. "Mzuri," alisema. "Mweupe kweli. Kula tu, dada, mimi naona baridi." Nilimbembeleza mara moja. Halafu nilikaa ukingoni mwa kitanda chetu, miguu yake ikitetemeka nyuma ya mgongo wangu, nikala na wa kwake. Nilipangusa sahani kwa kidole.

Jumapili tulimbeba hospitali. Ilikuwa kichomi, na maji kwenye pafu. Nesi akauliza, "Huyu alilala kwenye mvua?" Nikasema alinyeshewa. Walimtoa maji kwa sindano ambayo sitaieleza. Hakufa. Watu walinipongeza kwamba nilimuuguza vizuri, na ni kweli nilimuuguza, nilimwogesha, nilimlisha, nililala sakafuni. Alipotoka mabega yake yalikuwa bado mapana lakini hakuna kitu kati yake, kama koti kwenye henga. Alijaribu kuimba siku moja akiwa anaanua nguo, akafika katikati ya mstari, akasimama, akaangalia pembeni kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Hakujaribu tena nikiwepo. Mlima wa sokoni hakuupanda tena. Mama yake akamfuata, wakapanda lori la kwenda Mbeya. Mimi nilibaki. Walisema makoti yananihitaji, nami nikakubali upesi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo linaniuma kuliko sahani. Sekela alipoondoka, Baba Vumilia alianza kutafuta msichana mwingine mwenye mabega. Nikamwambia hapana, nikaenda kwa seremala wa jirani, nikamwambia nichongee mabega ya mtu, mawili, juu ya mti wa kusimama. Akachonga asubuhi moja, huku anapiga mluzi. Nikayavika vipande vya blanketi, nikalitia koti, nikaweka jiko mbali, upande wa pili wa chumba, nikaacha mlango wazi. Likachelewa kukauka. Lakini lilikauka zuri vilevile. Asubuhi moja, na mabaki ya mbao! Tungeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza, na aliyekuwa na akili ya kuliwaza hilo nilikuwa mimi, ila wakati ule palikuwa na mgongo wa bure, na mgongo wa bure haumpi mtu mawazo.

Kwa mabega yale ya mbao nilirudi Mbeya baadaye, nikafungua kibanda changu Iyunga, kando ya barabara. Makoti yamenisomeshea watoto, na watoto wamesomesha wajukuu. Mmoja ni nesi, mmoja ni fundi mitambo, mmoja yuko chuo Iringa kwenyewe. Najivunia, na nitajivunia mpaka kaburini. Sekela aliolewa Mufindi, huko Nyololo. Basi la kwenda Iringa linapita Nyololo. Nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na kila tulipokaribia nilikuwa na kitu cha kutazama kwenye dirisha la upande wa pili.

Safari hii, baada ya ile simu, nilishuka. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama moshi wa kuni mbichi. Mwanawe alinipokea, akanipeleka kwenye chumba chenye jiko katikati na picha za kanisa ukutani. Sekela alikuwa kwenye kiti, kitenge mabegani. Mabega yale yale.

"Ndaga, dada Atu," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Wewe je? Umekuwa kama ufito."

"Ufito hauvunjiki." Akacheka, pumzi ikakwama, tukaingoja ipite. Mkwewe alileta chai na viazi. Tulizungumza habari za waliokufa, ambao ni wengi, na habari za wajukuu, na nikajisifu, naye akanisikiliza vizuri bila wivu. Akauliza kama yule mama wa ulanzi bado yupo. Tukacheka tena. Nikaona sasa ndiyo wakati.

"Mdogo wangu," nilisema, "ile Ijumaa. Lile koti la dereva. Mimi nilijua lilikuwa..."

"Kunywa chai, inapoa."

"Sekela, nisikilize. Shavu langu lili..."

"Najua shavu lako lilisema nini," alisema. "Mgongo ulikuwa wangu. Kunywa chai."

Nikanywa. Nje upepo ulipita kwenye bati, na nikamwona anatetemeka, anavuta kitenge. Nilikuwa nimevaa koti langu la sufu, zuri, nililolifua mwenyewe, na lilikuwa limepata joto langu safari nzima. Nikasimama, nikalivua, nikazunguka jiko ili nimvike. Nililishika wazi nyuma yake, kama tunavyomshikia mteja.

Hakuinua mkono. Alisema, taratibu, bila hasira, "Vaa mwenyewe, dada. Mimi nilishavaa."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamwambia ni kavu, mdogo wangu, lina joto, lipokee hata uliweke magotini tu, nikaliweka magotini kwake na machozi yangu juu yake. Alilitazama. Alipitisha kidole kwenye bitana, chini ya kola, pale pale. Halafu akalikunja vizuri, kola ndani, mikono ndani, kama Baba Vumilia alivyotufundisha, akanirudishia.

"Vaa mwenyewe, dada. Mimi nilishavaa."